Siku 21 za kuveze

 

Leo tunaweka kando mfululizo wa masomo yetu. Tutaurudia juma lijalo. Tumepokea maswali mengi juu ya kuveze, ile mashine ya kutotoleshea mayai nyumbani. Wamama wa likelemba wameona wengine wakiinunua ng'ambo ya mpaka. Vijana nao wanaitengeneza kwa sanduku la frigoliti na ampuli mbili. Wote wanauliza: je, tutie pesa humo? Mama mmoja mjane ametuletea neno kwamba ameweka pesa ya shule ya watoto wake wawili, shule itaidai baada ya miezi miwili, na muuzaji amemwambia kuveze itaizalisha mara tatu kabla ya siku hiyo.

Mama, tunakujibu mbele ya wote maana wengi wako mahali pako. Usiitie pesa ya shule ndani ya kuveze. Yai la kuku linakaa siku 21. Kifaranga akitoka anahitaji majuma manne ya kupashwa joto na kulindwa kabla mtu wa soko hajamtazama, na kuku wa kienyeji anakaribia nusu mwaka kabla ya kutaga yai la kwanza. Miezi miwili haitoshi hata kama kila kitu kikienda sawa, na mara ya kwanza hatujaona nyumba ambamo kila kitu kilienda sawa. Anza na mayai 20, kwa pesa ambayo hata ikipotea watoto watakula vilevile. Ukiona mkono umezoea, ongeza.

Kazi yenyewe si ngeni duniani. Wamisri walitotolesha mayai katika tanuri za matofali ya udongo tangu zamani sana, maelfu kwa mara moja, bila umeme na bila kipimo cha joto. Mafundi wao walikuwa wakichukua yai na kuligusisha kwenye kope la jicho, wakajua kama joto limezidi au limepungua. Elimu hiyo ilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Sisi hatukurithi kope kama hilo, kwa hiyo tunahitaji kipimo.

Tuanze na mayai, kwa sababu wengi wanaanza na mashine. Yai lisilo na mbegu ya jogoo halitatoa kifaranga hata ukilikalisha mwaka mzima. Mayai mengi yanayouzwa sokoni Kadutu, yale yaliyopangwa kwenye plato, yanatoka kwa kuku wa mayai waliofungwa bila jogoo. Ni mazuri kwa omleti. Kwa kuveze, nenda kwa mtu ambaye umewaona jogoo wake kwa macho yako, jogoo mmoja kwa majike wanane au kumi. Chagua mayai ya ukubwa wa kati, yenye umbo zuri, yasiyo na ufa. Yasizidi siku saba tangu kutagwa. Kadiri yanavyokaa ndivyo nguvu inavyoyatoka, na nyumba yenye bati la moto inaharakisha jambo hilo. Yakae mahali penye baridi kidogo na kivuli, ncha ikiangalia chini. Kama yamekuja kwa pikipiki kutoka Walungu au Kabare, na barabara mnaijua, yaache yapumzike usiku mmoja kabla ya kuyaingiza.

Usiyaoshe. Yai linatoka kwa mama yake likiwa na ngozi nyembamba juu ya ganda, nayo inazuia uchafu kupenya. Ganda lina matundu madogo kwa maelfu, jicho haliyaoni, na mtoto aliye ndani anapumua kwa njia hiyo. Hapa tuseme jambo moja kwa upole. Tumeona nyumba ya waamini ambamo mayai yalipakwa mafuta ya upako kabla ya kuingizwa. Wapendwa, ombeni juu ya mayai, wekeni mikono juu ya sanduku, imbeni kama mnataka. Lakini mafuta juu ya ganda yanaziba pumzi ya kifaranga. Aliyeweka matundu yale ni Mungu mwenyewe.

Sasa joto. Tutakaa hapa kidogo maana ndipo pesa za watu zinapozama.

Kuveze yenye feni inayozungusha hewa inataka nyuzi 37.5, na isipite 38. Sanduku lisilo na feni ni habari nyingine: hewa ya moto inapanda juu, ya baridi inakaa chini, na ndani ya sanduku moja unaweza kupata tofauti ya nyuzi mbili au tatu. Hapo tunapima kwenye usawa wa mgongo wa yai, na tunatafuta 38.5 hivi. Kipimo kilichoning'inizwa karibu na ampuli kinasema habari za ampuli. Hakisemi habari za yai.

Vipimo vya bei rahisi mara nyingi vinadanganya kwa nyuzi moja au mbili, na nyuzi mbili zinatosha kuua. Kijana mmoja alichemsha maji ili ajaribu kipimo chake, akakuta kinaonyesha 95, akakitupa. Kipimo kilikuwa kizima! Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1500 hivi, na kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Zile 100 za kitabu cha shule ni za watu wa pwani. Njia rahisi iko ndani ya nyumba zenu: kile kipimo cha homa cha kituo cha afya kimetengenezwa kusema kweli hasa kati ya 35 na 42, ndiyo sehemu tunayoitaka. Kiweke kando ya kipimo cha kuveze, kwenye usawa uleule, robo saa, ulinganishe. Kile cha zebaki kikung'ute kwanza nje, maana kinabaki pale juu kilipofika. Washa sanduku tupu siku mbili nzima kabla ya kuingiza yai hata moja, usome asubuhi, adhuhuri na usiku wa manane. Likitulia, ingiza.

Umeme ukikatika, msifadhaike upesi. Kuku mwenyewe anaondoka kwenye kiota kila siku kutafuta chakula na maji, na mayai yanapoa kidogo bila kufa. Baridi ya saa chache inachelewesha. Joto la kupita 40 linaua upesi. Fungeni sanduku, lifunikeni blanketi bila kuziba matundu ya hewa, na ukosefu ukiendelea wekeni ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, mbali kidogo na mayai. Aliye na pano ya jua na batri nzuri ana heri. Ila tunawaomba sana: msiingize mbabula ya makala ndani ya chumba mnamolala ili mwokoe mayai. Ule moshi usioonekana unaua mayai, na kabla ya mayai unaua watoto wanaolala karibu na sakafu.

Maji ndani ya kuveze ni ya lazima pia. Sahani ya maji vuguvugu kwa siku 18 za kwanza, ili unyevu uwe kama asilimia 50 hadi 55, kisha siku 3 za mwisho sahani mbili, au kitambaa kilicholowa, ufike 65 hadi 70. Asiye na kipimo cha unyevu afunge utambi wa pamba uliolowa kwenye ncha ya kipimo cha pili cha joto, mkia wa utambi ukae ndani ya maji: kikisoma 29 uko vizuri, siku za mwisho kifike 32. Hiyo ni kwa kuveze yenye feni, iliyotulia kwenye 37.5. Kuanzia Juni mpaka Agosti hewa yetu ni kavu, mtaongeza maji. Wengine wanafikiri maji mengi ni baraka nyingi. Hapana. Yai linapaswa kupoteza uzito, kama sehemu 12 kwa 100 hadi siku ya 18, ili nafasi ya hewa upande ule mnene ikue. Likikosa kupoteza, kifaranga anazama ndani ya ganda lake.

Kugeuza: mara tatu kwa siku, au tano. Andika kwa kalamu ya risasi alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili ili usisahau. Tunapenda hesabu isiyogawanyika kwa mbili kwa sababu upande uliolala juu usiku wa leo hautakuwa juu usiku wa kesho. Asiyegeuza, mtoto anagandamana na ganda. Siku ya 18 unaacha, unafunga, mikono inakaa mbali.

Chagueni pia siku ya kuanza. Siku 21 ni majuma matatu kamili, kwa hiyo mayai yaliyoingia Jumapili jioni yatapasuka Jumapili, ninyi mkiwa ibadani. Yaliyoingia Jumatatu yanafika siku ya 18 usiku wa Ijumaa, na usiku huo tuna mkesha. Sisi tunaingiza Jumanne jioni.

Siku ya 7, usiku, chukueni tochi ya simu, mzibe mwanga kwa katoni yenye tundu dogo, mweke yai juu ya tundu. Lenye uhai lina doa jeusi katikati na mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui. Lililo wazi kama maji halikuwa na mbegu. Lenye duara nyekundu, kama pete ya damu, lilianza likafa. Hayo mawili toeni nje kabla hayajaoza na kupasuka, maana harufu yake itawafukuza nyumbani. Rudieni siku ya 14.

Hapa tuna neno tusiloweza kuliruka.

Katika nyumba moja ya mji huu, hatutasema kartye, waliingiza mayai 40. Siku ya 21 ilipita kimya, ya 22 vilevile, na kufika siku ya 24 walikuwa wametoka vifaranga saba, wachovu, vitovu havijafunga. Pesa ilikuwa ya jamaa nzima. Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na mtoto wa miaka tisa, yatima wa dada yao. Mtu mmoja alisema huyu mtoto ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya sanduku jioni. Mwingine akasema yai moja lilipasuka siku alipolishika. Tulipoitwa, tuliambiwa tuje kufanya maombi ya ukombozi. Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba, hajapewa chakula tangu jana yake asubuhi.

Tuliomba kwanza apewe ugali. Kisha tuliomba meza, sahani nyeupe, na yale mayai 33 yaliyobaki. Baba mkubwa hakupendezwa, alituuliza kama tumekuja kama wachungaji au kama waganga wa kuku. Tuliyavunja moja moja mbele ya wote, madirisha wazi. 15 yalikuwa hayana kitu, kiini kimekaa kama siku lilipotagwa. Sita yalikuwa na pete ya damu. 12 yalikuwa na vifaranga vilivyokamilika, manyoya yote, ila kiini kikubwa kilikuwa bado nje ya tumbo, hakijaingia. Tukauliza mayai yalinunuliwa wapi. Karibu nusu yalitoka kwenye plato za sokoni. Tukaomba kuona kipimo: kilikuwa kimefungwa juu, kiganja kimoja kutoka kwenye ampuli, kinasoma 38.5. Tukalaza kipimo cha homa pale mayai yalipokuwa yakilala. 35.8.

Ndivyo ilivyo. Joto la chini linachelewesha, linadhoofisha, linaacha kiini nje, na vifaranga vinafia mlangoni. Kila yai lililokuwa juu ya meza lilieleza habari yake, na hakuna hata moja lililomtaja mtoto. Baba mkubwa alishika kipimo cha homa mara tatu, akakisoma mara tatu. Akauliza tu, ‘Kwa hiyo jogoo hakuwako?’ Hakuwako.

Wapendwa, tunasema hili kwa sauti ya redio ili asibaki mtu wa kusema hakusikia. Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 nayo inaadhibu jambo hilo kwa kifungo. Mchungaji anayetaja jina la mtoto juu ya kuku waliokufa hana kinga kwa kuwa ana Biblia mkononi. Na kabla ya sheria, kuna yai lenyewe. Livunje. Litazame. Kitabu cha Ayubu, sura ya 39, kinamtaja mbuni anayeyaacha mayai yake ardhini, mguu ukayakanyaga. Hakuna mahali pale panaposema mayai yalipotea kwa sababu ya mtoto wa jirani.

Tuendelee na siku ya kutotoa. Karibu na siku ya 20 kifaranga anatoboa kwanza ngozi ya ndani na kuvuta hewa ya ile nafasi; ukisogeza sikio utasikia analia ndani ya ganda. Kisha anatoboa tundu dogo nje. Hapo anapumzika, na mapumziko hayo yanaweza kuchukua nusu siku, hata siku nzima. Wengi wanaingiwa na huruma wanambandua. Msimbandue. Wakati ule damu iliyo kwenye mishipa ya ganda inarudi mwilini mwake, na kiini kinaingia tumboni. Ukimtoa kwa nguvu anatoka damu. Wala msifungue sanduku kila dakika ili kuonyesha jirani. Unyevu unatoka, ngozi inakauka, inambana kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mlioweka dirisha la kioo juu ya sanduku mmefanya vizuri.

Walio tayari watoke wakikauka, wachache kwa mara moja. Wasiwatie hofu kwa kutokula: kile kiini kilichoingia tumboni kinawatosha siku mbili hata tatu, na ndiyo sababu vifaranga vya siku moja vinaweza kusafirishwa mbali. Subirini mpaka siku ya 23 kwa waliochelewa. Kifaranga akitolewa apate maji kwanza, kwenye sahani yenye mawe madogo ili asizame, kisha chakula. Joto lao juma la kwanza ni 32 hadi 35, likipungua nyuzi tatu hivi kila juma. Msisome kipimo peke yake: wakijikusanya chini ya ampuli wana baridi, wakikimbilia pembeni na kufungua midomo wana joto. Mulizeni daktari wa mifugo juu ya chanjo ya Newcastle mapema, kabla hawajaanza kutembea parselani na kuku wa jirani; ugonjwa huo unafuta kundi zima kwa siku chache, na hauna dawa.

Wenye mabata watauliza. Bata wetu huyu mwenye uso mwekundu anakaa siku 35, kanga 26 hadi 28, kwale 17 au 18. Msiwachanganye na kuku katika sanduku moja mara ya kwanza, maana siku ya kuacha kugeuza hazilingani.

Zamu inayofuata ya mayai ya kikundi cha wamama itaingia Jumanne ijayo, saa kumi na moja jioni, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Mtu yeyote anaweza kuja kuona, hata kama hasali kwetu. Aje na kalamu ya risasi, na kama ana kipimo cha homa nyumbani akilete tukijaribu pamoja na vingine. Watoto waje pia. Usiku wa kumulika ni Jumanne inayofuata, saa moja, na tunahitaji wenye simu zilizo na moto.